Unachoma twita kila wikendi? Usikimbilie wati, angalia krosova kwanza

Tuseme ni Jumamosi, saa nane mchana. Umepata kazi ya sauti kwenye harusi, boma moja nje kidogo ya mji wa Maua ukielekea Laare. Hema zimesimama, wageni wamejaa, wapishi wanapakua. Spika zako ziko mbili kila upande na jenereta inanguruma nyuma ya migomba. MC anachukua maiki, anasalimia "Muuga!" na umati unaitikia "Muuga!" Mambo ni fiti.

Saa moja baadaye, bwana na bibi harusi wanaingia wakisakata densi. Unapandisha sauti kidogo. Halafu kidogo tena. Ghafla kuna kitu kinabadilika. Besi bado iko, ngoma bado inagonga kifua, lakini maneno yamepotea. MC akiongea ni kama amefunikwa blanketi. Herufi "s", "sh" na "f" zimeyeyuka. Baba ya bibi harusi anakugeukia na kukutazama kwa jicho ambalo hulihitaji siku ambayo bado hujalipwa salio lako.

Twita zimeungua. Tena ni mara ya tatu mwezi huu.

Jumatatu utafanya nini? Wengi wetu tunajua jibu: unatafuta twita iliyoandikwa wati nyingi zaidi, au unakopa pesa ununue amplifaya kubwa. Wikendi mbili baadaye, harufu ile ile ya waya uliochomeka. Kabla hujarudi kwenye mduara huo, fungua boksi lako la spika utazame kidude kidogo ambacho watu wengi hawakijali. Kinaitwa krosova. Ndicho kinaamua kama biashara yako itafika Desemba au itafia Agosti.

Hii si hobi tu

Ukikulia Maua unajua vile pesa ya miraa huja na kwenda. Uingereza ilipiga marufuku miraa mwaka 2014. Somalia nayo ilifunga soko Machi 2020 na kulifungua tena Julai 2022. Yeyote aliyekuwa anafunga vifungu kwa majani ya mgomba wakati huo alipata funzo moja: usitegemee shina moja tu.

Kazi ya sauti ni mojawapo ya hasla ambazo kijana anaweza kuanza na akiba kidogo. Harusi hazikosi. Krusedi, mazishi, mikutano ya kampeni, uzinduzi wa maduka, zote zinahitaji maiki na spika. Lakini faida yake ni nyembamba. Ukishatoa mafuta ya jenereta, pikapu ya kubeba vyombo na posho ya kijana wa kukusaidia, kinachobaki ndicho kinaenda kununua twita mpya. Spea ambazo mafundi wanaziamini mara nyingi zinatafutwa Luthuli Avenue, Nairobi, na kutoka Maua hiyo ni safari ya zaidi ya saa tano. Twita moja iliyoungua inaweza kula kazi nzima.

Na mji wetu ni mdogo. Ukiharibu harusi moja, habari itafika Kangeta kabla hujamaliza kukunja waya.

Krosova inafanya kazi gani?

Sikio la binadamu linasikia kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000 hivi, yaani mitikisiko 20 kwa sekunde hadi 20,000. Huo ni upana mkubwa sana. Wimbi la sauti la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4 hivi, karibu urefu wa gari dogo. Wimbi la hezi 10,000 lina sentimita 3.4 tu, kama kifuniko cha chupa ya soda. Hakuna spika moja ambayo inaweza kusukuma yote mawili vizuri.

Ndiyo maana boksi la kawaida lina angalau spika mbili. Wufa, ile ya inchi 12 au 15, ni kama mbeba magunia sokoni: ana nguvu, lakini usimwambie aingize uzi kwenye sindano. Twita ni fundi wa saa: mikono myepesi, kazi safi, lakini ukimtwika gunia mgongo unavunjika. Waya wa ndani ya twita ni mwembamba kama unywele, na uwezo wake halisi wa kustahimili moto ni wati chache tu ukilinganisha na zile zilizoandikwa kwa fahari mgongoni mwa boksi.

Krosova ni msimamizi anayegawa kazi. Sauti nene anampelekea wufa, sauti nyembamba anampelekea twita. Akikosea kidogo, besi inamfikia twita na kumuua kwa njia mbili. Kwanza ni joto. Pili ni mwendo: ukishusha mtikisiko kwa nusu, kiwambo cha spika kinalazimika kusafiri mara nne zaidi ili kitoe sauti ya ukubwa ule ule. Kiwambo cha twita hakikuumbwa kwa safari hizo.

Hata ile sabwufa iliyo kwenye bedsitter yako ina msimamizi kama huyu. Ndiyo maana boksi kubwa chini ya meza linatoa besi peke yake, na vile vidogo vya pembeni vinabeba sauti ya mwimbaji.

Sasa, krosova ziko za aina mbili: pasivu na aktivu. Hapo ndipo pesa yako inapookolewa au kupotea.

Pasivu: kimya kimya ndani ya boksi

Krosova pasivu haihitaji stima yake yenyewe. Inakaa ndani ya boksi, baada ya amplifaya, katikati ya waya na spika. Ukifungua mgongo wa spika utaona kibao chenye koili za shaba, kapasita na pengine rezista nyeupe kama chaki kubwa.

Kapasita ni askari wa lango la twita: sauti nyembamba inapita, nene inarudishwa. Koili inafanya kinyume kwenye lango la wufa. Rezista inampunguzia twita sauti kidogo, kwa sababu kwa kawaida twita hupiga kelele kuliko wufa kwa nguvu ile ile. Kwenye baadhi ya maboksi utakuta hata balbu ndogo. Usiitoe ukidhani kuna mtu aliisahau! Umeme ukizidi, balbu inawaka, ukinzani wake unapanda, na twita inapona.

Uzuri wa pasivu ni urahisi. Waya mmoja, amplifaya moja, umemaliza. Hata ukimkodishia mtu spika ambaye hajui lolote, hana kitufe cha kuchezea. Hana namna ya kupeleka besi kwa twita kwa bahati mbaya, maana mgawanyo umefungiwa ndani.

Ubaya wake? Inabeba umeme wote mzito wa amplifaya, kwa hivyo sehemu fulani inapotea kama joto. Koili yenye ukinzani wa nusu omu mbele ya wufa ya omu 8 inakula karibu asilimia 6 ya nguvu uliyolipia mafuta ya jenereta. Na zaidi, mgawanyo wake umefungwa na omu za spika. Ukibadilisha spika, umebadilisha krosova, hata kama hujagusa kibao.

Makosa matatu yanayokula pesa

Hapa toa simu ufungue kikokotoo, tupige hesabu ndogo. Kwa krosova rahisi kabisa ya kapasita moja, chukua 159,000, gawanya kwa hezi unazotaka ukizizidisha kwa omu za twita. Jibu ni maikrofaradi. Ukitaka kugawa kwenye hezi 3,000 na twita ni ya omu 8: 159,000 gawanya kwa 24,000 ni 6.6. Dukani utapata kapasita ya 6.8, ambayo itakuweka karibu na hezi 2,900. Safi.

Kosa la kwanza ni "weka tu hiyo iliyopo". Kapasita ya zamani imekauka au kupasuka. Fundi hana ya 6.8, anayo ya 22. Anaifunga, sauti inatoka, unalipa na kwenda. Lakini piga hesabu tena: kapasita ya 22 kwa omu 8 imeshusha lango hadi hezi 900 hivi. Sasa twita inapokea sauti ya mwimbaji karibu yote, mzigo ambao haukuwa wake. Nyumbani kwa sauti ya chini itasikika tamu hata. Harusini itakufa.

Kosa la pili ni kubadilisha omu. Twita ya omu 8 imeungua, umepata ya omu 4 kwa bei nzuri. Kapasita ile ile ya 6.8 sasa inagawa karibu na hezi 5,900. Twita iko salama, lakini kati ya pale wufa inapoishia na pale twita inapoanzia kuna shimo, na shimo hilo linameza maneno ya watu. MC atapiga kelele zaidi, wewe utapandisha sauti zaidi, na matatizo yatarudi kupitia mlango mwingine.

Kosa la tatu ndilo la ujanja zaidi, kwa sababu hufanywa na mtu mwangalifu. Krosova nyingi zinakata sauti kwa mteremko wa desibeli 12 kwa kila okteva. Kwa mteremko huo, mawimbi ya wufa na twita hukutana yakiwa yamepishana: moja linasukuma, lingine linavuta. Ili yasiuane, mtengenezaji mara nyingi hugeuza nyaya za twita makusudi, nyekundu kwenda pale peusi. Fundi anafungua, anaona "makosa", anayarekebisha. Sauti inakuwa na mwangwi wa ndani ya pipa na hakuna anayejua ni kwa nini. Dawa ni bure: kabla ya kung'oa waya wowote, piga picha kwa simu.

Neno moja la tahadhari kuhusu hesabu yetu. Omu 8 zilizoandikwa kwenye spika ni za kukadiria tu, kwani ukinzani halisi hupanda na kushuka kadiri sauti inavyobadilika. Kwa hivyo tumia hesabu hiyo kugundua kosa kubwa, lakini kama boksi lilikuja na kapasita ya thamani fulani, rudisha thamani hiyo hiyo. Aliyelitengeneza alilipima.

Aktivu: msimamizi anayekaa mlangoni

Krosova aktivu inatumia stima na inakaa kabla ya amplifaya. Sauti inatoka kwenye mikisa ikiwa bado ndogo, inaingia kwenye krosova, inagawanywa, kisha kila fungu linaenda kwa amplifaya yake. Besi na yake, sauti za juu na yake.

Faida ya kwanza: hakuna koili nzito ya kula nguvu. Amplifaya inashika spika moja kwa moja. Ya pili: unabadilisha mgawanyo kwa kuzungusha kitufe, hujali tena omu za spika. Ya tatu: mteremko unaweza kuwa mkali. Krosova nyingi za jukwaani hutumia mtindo unaoitwa Linkwitz-Riley, jina la Siegfried Linkwitz na Russ Riley, wahandisi wawili wa Hewlett-Packard. Linkwitz aliueleza mwaka 1976. Kwa kawaida hukata desibeli 24 kwa okteva. Kwa lugha ya mtaa: kila unaposhuka kwa nusu chini ya lango, nguvu inayovuja hupungua mara 256 hivi. Kwa mteremko wa desibeli 6, ule wa kapasita moja, hupungua mara 4 tu.

Lakini faida kubwa kuliko zote ni hii, na inaeleza ile harusi yetu. Amplifaya ikizidiwa, inakata vichwa vya mawimbi. Wimbi la duara linakuwa kama meza, na kona za meza hiyo ni sauti nyembamba ambazo hazikuwa kwenye wimbo. Isitoshe, amplifaya inayokata vichwa kupita kiasi inaweza kutoa hadi karibu mara mbili ya wati zilizoandikwa. Mara nyingi kinachoizidi ni besi. Sasa, kwenye mfumo wa amplifaya moja na krosova pasivu, uchafu huo wote unapita kwenye lango la twita kihalali kabisa, maana ni sauti nyembamba. Askari anaufungulia! Twita inaungua kwa makosa ya besi.

Ukiwa na aktivu, amplifaya ya besi ikizidiwa, uchafu unaishia kwenye sabwufa. Sabwufa itakoroma, utasikia, utashusha. Twita haina habari.

Ubaya? Unahitaji amplifaya zaidi, nyaya zaidi, na akili zaidi. Kuna krosova zenye kitufe kidogo cha x10. Ukikigusa bila kujua, hezi 100 zinakuwa 1,000 na sabwufa inaanza kuhubiri. Kwa mtu anayeitumia kugawa wufa na twita, kukiachilia kunafanya hezi 3,000 ziwe 300, na hapo twita haina dakika nyingi za kuishi. Kuchomeka waya wa besi kwenye amplifaya ya twita ni mauaji vilevile. Ndiyo maana wenye uzoefu hubandika tepu za rangi kila mahali, hata kama wanajua vyombo vyao kama kiganja cha mkono.

Neno linalowachanganya wanunuzi

Ukiingia duka la spika utaulizwa, "Unataka aktivu ama pasivu?" Hapo muuzaji anamaanisha kitu kingine: spika yenye amplifaya ndani, au isiyo nayo. Usichanganye.

Kuna spika yenye amplifaya mbili ndani, moja ya wufa na moja ya twita, na krosova aktivu mbele yake. Hiyo ndiyo unayoifikiria. Lakini pia kuna spika ya bei nafuu yenye amplifaya moja tu ndani na krosova pasivu nyuma yake, wakati mwingine kapasita moja pekee. Zote mbili zinachomekwa ukutani, zote mbili zina taa za kumeremeta. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: "Ndani kuna amplifaya ngapi?" Asipojua, soma karatasi ya spika. Kama wati zimetajwa mafungu mawili, moja la chini na moja la juu, uko mahali pazuri.

Basi uchague ipi?

Rudi kwenye kikokotoo. Tunataka kutenganisha sabwufa na spika za juu kwenye hezi 100. Kwa pasivu, kapasita ni 159,000 gawanya kwa 800: karibu maikrofaradi 200. Koili, ukichukua 159 mara omu 8 gawanya kwa hezi 100, ni milihenri 12.7. Hiyo ni rundo la waya wa shaba, zito, ghali, lenye ukinzani wa kula besi yako. Sasa fanya hivyo kwa hezi 3,000: kapasita 6.6, koili milihenri 0.42. Vitu vidogo, bei ndogo, hasara ndogo.

Unaona hesabu inavyojibu yenyewe? Chini, ambako pasivu ni mzigo, tumia aktivu. Juu, ambako pasivu ni nafuu na salama, iache ndani ya boksi ilivyo. Krosova aktivu moja kati ya mikisa na amplifaya, igawe kwenye hezi 100 au karibu na hapo: chini kwa sabwufa, juu kwa maboksi yako ya kawaida yenye pasivu yake. Spika za juu zinapumua kwa sababu besi nzito imetolewa mabegani mwao, na twita zinaacha kulipia dhambi za ngoma.

Na kama huna pesa ya amplifaya ya pili? Amplifaya ya stereo tayari ina chaneli mbili. Chaneli moja iendeshe sabwufa, nyingine iendeshe spika za juu, sauti iwe mono. Kwenye uwanja wa harusi hakuna mgeni aliyeketi katikati kabisa akisubiri stereo. Kumbuka tu kuwa spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 4, kwa hivyo hakikisha amplifaya inakubali 4.

Je, utaenda aktivu mpaka juu, wufa na twita kila moja na amplifaya yake? Fanya hivyo kama wewe mwenyewe ndiye unayekaa na mitambo mwanzo hadi mwisho. Kama unakodisha vyombo na kubaki nyumbani, kaa na pasivu huko juu. Na ukienda aktivu, weka kapasita ya ulinzi kwenye waya wa twita. Kumbuka ile ya 22 iliyotuharibia mambo? Hapa ndipo kazi yake. Lango lake la hezi 900 liko chini vya kutosha lisiingilie mgawanyo wa hezi 3,000, lakini linazuia kishindo cha kuwasha mitambo kisifike kwa twita.

Fundi wa redio aliyegeuza muziki

Kama unadhani fundi wa vifaa hawezi kuwa staa, tafuta habari za King Tubby. Jina lake halisi lilikuwa Osbourne Ruddock, fundi wa umeme wa Kingston, Jamaica, aliyekuwa na sound system yake, Home Town Hi-Fi. Katika miaka ya 1970, studio yake ndogo ilikuwa kitovu cha mtindo wa dub. Mojawapo ya silaha zake ilikuwa kichujio cha kukata besi hatua kwa hatua, hadi wimbo unabaki mwembamba kama karatasi, kisha besi inarudi kwa kishindo.

Kichujio hicho ni ndugu wa krosova. Wazo ni lile lile: kujua sauti ipi ipite na ipi ingoje. Reggae unayoisikia kwenye matatu ya kwenda Meru inamdai huyo fundi.

Kabla ya Jumamosi ijayo

Fungua boksi moja leo. Tafuta kapasita ya twita, soma namba yake, soma omu za twita, piga hesabu. Likija jibu la ajabu kama hezi 900, umempata muuaji.

Ukitaka kujua kama wufa zako zote zinasukuma upande mmoja, gusisha betri ya volti 1.5 kwa nukta moja: chanya kwenye nyekundu, koni inafaa kutoka nje. Usijaribu mchezo huo kwa twita.

Washa kwa mpangilio: mikisa kwanza, krosova ya pili, amplifaya ya mwisho. Kuzima ni kinyume, amplifaya ya kwanza. Stima ikipotea ghafla, na sote tunajua hupotea, kimbia uzime amplifaya kabla haijarudi.

Taa nyekundu ya amplifaya ikiwaka, shusha. Usibishane nayo. Amplifaya kubwa itakusaidia tu kama utaiacha na nafasi ya kupumua. Ukiipeleka hadi mwisho kama ile ndogo, umenunua njia ya haraka zaidi ya kuunguza.

Mwisho, wafikirie majirani. Besi inapita ukutani kuliko sauti nyembamba, ndiyo maana jirani wa mbali husikia ngoma bila wimbo. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na viwango vinashuka sana kuanzia hapo. Ukiwa na krosova aktivu, unaweza kushusha kitufe cha besi peke yake na kuacha maneno ya MC yakisikika. Sherehe inaendelea, na hakuna anayempigia chifu simu.

Sasa turudi kwenye lile boma la barabara ya Laare. Vyombo ni vile vile, jenereta ni ile ile. Kilichoongezeka ni krosova moja na tepu za rangi mbili. Bwana na bibi harusi wanaingia, unapandisha kidogo, sabwufa inaanza kukoroma, unaishusha kidogo. MC anasema jina la bibi harusi na hata nyanya aliyeketi hema ya mwisho analisikia lote, pamoja na ile "s" ya mwisho.

Jioni unalipwa salio lako kwa M-Pesa. Na safari hii pesa inalala nawe Maua, haipandi gari la Luthuli.